Mkono wa Mtoto wa Benchi la Mbele

Jumanne, saa nne asubuhi, mchungaji alikuwa ofisini akichonga penseli ya tatu, maana hakuwahi kuanza sura mpya kwa penseli butu, watoto watatu wa vitabu vyake walipobisha hodi. Aliwatambua mara moja. Alikuwa amewaandika katika vitabu kumi na saba vya safari za hatari na mafumbo, na katika vyote mtoto aliyepotea alipatikana kabla ya ukurasa wa mwisho. Dada mkubwa alivaa miwani ileile. Kaka yake mnene alishika tochi, na kitindamimba alibeba kamba.

Walimwamkia, akaitikia, akawaambia wafute viatu. Yule mnene akauliza kama kuna chochote cha kutia tumboni, kwani kwa miaka ishirini walikuwa wameandikiwa biskuti tu. Mchungaji akaona ni haki, akaagiza sahani tatu jikoni.

Walikuja kwa ajili ya binti wa dobi. Binti huyo wa miaka kumi alikuwa ametoweka katika bweni la kanisa, na mchungaji alikuwa ametia sahihi barua iliyosema kwamba ametoroka kwa hiari yake. Barua yenyewe iliandikwa na mzee wa kanisa aliyesimamia bweni. Mama mtu, aliyefua majoho ya ibada, alifika kila Jumatatu kuuliza habari, akaambiwa kwa upole kwamba hakuna, akaondoka na kapu lake la nguo chafu. Hakutaka makubwa. Alitaka kujua alipo mwanawe, amzike kama ni wa kuzikwa.

Watoto walifanya kazi siku mbili, wakaleta majibu Alhamisi. Nyuma ya bweni palikuwa na kisima ambacho msimamizi aliombwa mara tatu akifunike, na mara zote tatu akasema kesho. Alikifunika kwa zege siku moja baada ya binti kutoweka. Kitindamimba alikuwa ameteremka kwa kamba kupitia ufa usiopitisha hata ngumi, kama alivyozoea vitabuni, akarudi na kandambili moja na kitabu cha kumi na moja cha mchungaji, kimelowa, kimekunjwa pembe ya ukurasa karibu na mwisho.

“Binti alikuwa amebakiza kurasa mbili,” akasema.

Mchungaji hakuuliza zege gani. Alikuwa amelitazama likikauka siku ileile aliyotia sahihi.

Baraza la wazee liliwasikiliza Ijumaa kwa adabu zote, na karani akaandika kila neno. Kisha msimamizi wa bweni, mtu mcheshi, akasafisha koo.

“Samahani, Mchungaji. Hawa wajukuu zetu walibatizwa wapi?”

“Kitabu cha kwanza, ukurasa wa nne.”

“Basi rejista yetu haiwajui.”

Wazee wakacheka kidogo. Ushahidi wa wasiomo katika rejista haupokelewi, hivyo kikao kikaingia katika suala la rangi ya milango.

“Sisi tumemaliza yetu,” dada mkubwa akamwambia mchungaji mlangoni. “Sura ya mwisho huwa ni ya mtu mzima.”

Kwa kuwa sura hiyo haikuandikwa, watoto hawakuwa na pa kurudi. Dobi akawachukua kwake. Walimsimulia yote akiwa anapiga pasi; akasikiliza hadi mwisho, akaligeuza shati upande wa pili. Siku ya pili yake akapeleka kandambili polisi. Jumatatu akaja ofisini bila kapu.

“Kituoni wanataka barua yako, Baba, ndipo wavunje zege.”

Mchungaji akasema ataliombea jambo hilo.

“Ile ya kwanza uliitia sahihi siku hiyohiyo,” dobi akasema, akaenda kuchukua majoho, akayabeba begani.

Mwaka huo kikatoka kitabu cha kumi na nane. Ndani yake binti wa dobi alipatikana nyumbani kwa shangazi yake, ananenepa. Kilipendwa mno. Mchungaji alikisoma kanisani Jumapili ya watoto, na alipofika sehemu ya shangazi, dada mkubwa, aliyeketi benchi la mbele na wenzake, akanyoosha mkono. Mchungaji akamwona. Akafunua ukurasa uliofuata.

Mkono ule haujashuka tangu siku hiyo. Zege liko palepale, na juu yake msimamizi ameweka benchi la kupumzikia. Kila Jumamosi dobi hulipiga pasi gauni la dada mkubwa, mkono mmoja wa gauni ukiwa umelala, mwingine umesimama. Wageni wakiuliza, waumini huwaambia kwamba mtoto ana swali, kisha huwafungulia ukurasa wa wimbo.