Dorika na Kamera ya Kefa

Kabla ya ajali, Kefa Mligo alikuwa mpiga picha pekee pale Makambako. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi, karibu na njia panda ambapo barabara ya Njombe inaachana na ile ya Mbeya. Wateja wake walikuwa madereva wa malori na utingo wao, wachuuzi wa mahindi, na vijana waliokuwa wakielekea migodini Rodesia Kaskazini, ambao walitaka kuwaachia mama zao sura zao. Kazi hiyo alijifunza jeshini wakati wa vita. Kilichompa jina, hata hivyo, hakikuwa kamera bali penseli. Mtu akiwa na alama za ndui usoni, Kefa aliichukua filamu iliyokwisha kusafishwa, akaiinamia dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano, na picha ilipotoka ndui haikuwepo. Watu walisema kwa Kefa hakuna mbaya.

Masika ya mwaka 1954, lori alilopanda kurudi nyumbani Njombe liliteleza kwenye tope, likalala ubavu. Mkono wake wa kulia ulibanwa. Katika hospitali ya Ilembula walimtibu vizuri, mifupa ikaunga, lakini mkono ukabaki na mtetemo usiokwisha. Kikombe cha chai kilimshinda, sembuse kamera. Akafunga studio, akamrudia mkewe, Dorika.

Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Dorika alikuwa na bustani aliyoitunza tangu alipoolewa: njegere na kabichi upande wa chini, miti ya mafyulisi kando ya ugo, na upande wa juu maua, ambayo kila Jumamosi aliyakata kupamba madhabahu ya kanisani kwao. Mtoto wao, Danieli, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo walibaki wawili, na mmoja wao hakutaka kuzungumza. Kefa alishinda kwenye benchi ukutani, mkono ameuficha ndani ya koti. Wageni waliokuja kumpa pole aliwajibu kwa adabu, lakini hakuwapa mkono, na walipoondoka alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Dorika alimvumilia mwezi mzima. Kisha asubuhi moja akaitoa kamera kwenye sanduku chini ya kitanda, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akatoka nayo nje. Kefa alimwuliza anataka kuifanyia nini. Akajibu kwamba dawa za kusafishia filamu zilizobaki zitaharibika bure, naye anataka kujaribu kupiga maua yake. Kefa alimwambia filamu si ya kuchezea. Dorika akasema basi amfundishe, asicheze.

Alimfundisha kwa maneno machache na bila kuinuka. Shika hapa, tazama hapa, vuta pumzi, bonyeza. Dorika akazunguka bustani yote, akapiga kila alichokipenda: waridi, kabichi zilizofunga vizuri, ndege chozi akinyonya maua mekundu ya mshubiri. Filamu ilipokwisha, waliisafisha pamoja katika kijumba cha kuni walichokiziba kwa mablanketi. Kefa alielekeza, Dorika akatumia mikono.

Picha zilikuwa mbaya. Waridi lilipotea ndani ya majani yake, ungedhani ni majani matupu. Kabichi zilikuwa ukungu. Chozi alikuwa doa. Dorika alizitazama moja moja mezani, akashangaa jinsi bustani aliyoijua kwa miaka ilivyoweza kutoka kama shamba la mtu mwingine, tena mvivu. Hakulia, lakini alizigeuza zote kifudifudi.

Hapo ndipo Kefa alipoinuka kwenye benchi. Pengine asingeinuka kama picha zingetoka nzuri. Alizichukua kwa mkono wa kushoto, akaanza kueleza kila moja ilipokosea. Nyekundu na kijani, alisema, zikiingia kwenye filamu hutoka ndugu, zote kijivu kimoja, ndiyo maana waridi limemezwa. Kabichi zilipigwa saa za upepo. Na chozi alipigwa na mtu aliyeogopa kumsogelea.

"Macho yako yanachagua," alimwambia. "Unatazama waridi, huoni ugo wala kamba ya nguo. Kamera haichagui. Inachukua vyote. Inabidi uchague wewe kabla yake."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Waliamka mapema, wakati ukungu unanyanyuka bondeni na upepo haujaamka. Kefa alitengeneza stendi ya miguu mitatu kwa mianzi, akifunga kamba kwa mkono mmoja na meno, ili kamera isitikisike. Kamera ile haikuweza kuona vizuri kitu cha karibu, kwa hiyo akatoa kioo kimoja kwenye miwani ya kusomea ya marehemu baba mkwe wake, mzee Yoramu, akakifunga mbele ya lenzi, na akakata kijiti cha kupimia umbali. Dorika naye alikuja na kaniki yake nyeusi kuukuu. Aliitundika nyuma ya ua alilotaka kupiga, na ua likasimama peke yake, fito za ugo na kamba ya nguo zikafichika. Jua lilipokuwa kali alikinga shuka jeupe juu, mwanga ukalainika. Siku nyingine hakupiga kabisa. Alichuchumaa tu mbele ya kitu kimoja, akitazama mwanga unavyopita upande huu na baadaye upande ule, mpaka Kefa akamwuliza kama amelala.

Walifanya makosa mengi. Filamu moja iliingia mwanga, nyingine Dorika aliisahau ndani ya dawa kwa sababu ng'ombe wa jirani alikuwa ameingia kwenye njegere. Lakini picha zikaanza kufanana na alichokiona. Jani la kabichi lenye umande, kila tone na kijidirisha chake. Kinyonga kwenye tawi la mfyulisi lililopukutika. Kefa alianza tena kula vizuri, na siku ambazo walisafisha filamu alisahau kuuficha mkono.

Mwishoni mwa mwaka ikanyesha mvua ya mawe. Ilipiga robo saa tu, lakini kabichi zilitoboka na maua yakalala chini. Dorika aliokota alichoweza. Kando ya mfereji alikuta yungiyungi moja jeupe limebaki wima, mdomo wake umechanika mpaka karibu na shina, na ndani yake nyuki akiwa amejikunyata kwa baridi. Alikimbia kuchukua kamera. Kaniki ilikuwa imelowa, akaitundika hivyo hivyo. Alipiga mara moja tu, kwa sababu nafasi moja ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye filamu.

Ile ndiyo ilikuwa picha bora kuliko zote. Hata Kefa, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliisogeza dirishani akaitazama mara ya pili. Waliichapa nakala moja, ndogo, na Dorika akaiweka kwenye kioo cha kabati.

Wiki moja baadaye Dorika alikwenda sokoni. Aliporudi alimkuta mumewe dirishani, na filamu ile mbele yake, na penseli kwenye mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiushika ule wa kulia usitikisike. Haukutii. Mstari mmoja mrefu ulikuwa umekwaruza filamu kutoka kwenye mdomo wa ua hadi kwa nyuki.

Kefa hakujitetea. Alisema alitaka kuuziba ule mpasuko, ua liwe zima, picha impendeze. Alisema alidhani mkono umepona kidogo.

Dorika alitua kikapu. Alipika, wakala, akaosha vyombo, na neno halikumtoka. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu alimkuta mumewe amerudi kwenye benchi, mkono ndani ya koti kama zamani, akaona kwamba kimya chake sasa kinaharibu kuliko ile penseli. Akakaa karibu naye.

"Baba Danieli," alisema, "ua lile lilichanwa na mvua ya mawe. Mimi nililiona limechanika, na hivyo ndivyo nilivyolipenda. Ukiliziba, hilo si lile tena."

"Nilitaka liwe zuri."

"Lilikuwa zuri."

Kefa alitazama mteremko. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Mimi miaka yote nimekula kwa kuwaambia watu kwamba kilichochanika hakifai kuonekana. Wakafurahi. Sasa nimechanika mimi, najiona kama watakavyoniona."

Dorika aliuingiza mkono wake ndani ya koti, akautoa ule wa mumewe, akaushika juu ya goti lake, ukitetemeka, mpaka mpita njia mmoja akawasalimu nao wakamwitikia.

Ni Kefa mwenyewe aliyesema warudi Makambako. Chumba kilikuwa hakijapata mpangaji, na dirisha lake lilitazama mashariki. "Wewe utapiga," alisema, "mimi nitasafisha na kuwaketisha watu." Walikubaliana kufungua siku za katikati ya wiki tu, ili bustani isife.

Mwanzoni watu walicheka. Dereva mmoja aliketi kitini, kofia kichwani, macho yote kwa Kefa, kana kwamba mwanamke aliyesimama nyuma ya kamera ni sehemu ya ukuta. Kefa akamwambia amtazame mama, kwa kuwa ndiye mwenye picha. Dereva akamtazama. Alipokuja kuchukua picha yake aliisogeza karibu na macho, kisha akasema hapo kweli ni yeye. Wengine walinung'unika kwamba Kefa siku hizi hapaki penseli, wakaenda Iringa. Wengi walibaki.

Siku moja katika msimu wa baridi, aliingia mwanamke kutoka Kifanya, jina lake Teodora, mwenye rozari shingoni na kitambaa kilichofunika nusu ya uso. Akawaamkia kwa Kibena, "Kamwene," nao wakaitikia. Alipoketi akakiondoa kitambaa. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto, kutoka chini ya jicho hadi shingoni, ngozi imekunjamana na kung'aa.

Alieleza kwamba mume wake, Alois, yuko migodini Kitwe, na kuna mtu wa kijijini kwao anaondoka kesho kwenda huko, atambebea picha. Moto ulimpata baada ya mume kuondoka. Mume hajui. Alisikia kwamba mwenye studio hii anajua kuondoa vitu usoni.

Kefa alijibu kwamba aliyejua hilo mkono umemshinda. Teodora akamgeukia Dorika, na Dorika akasema alivyoamini: kwamba uso wake ni uso wake, kwamba mume akiona picha isiyo kweli atakuwa amerudi kwa picha, siyo kwa mtu, na kwamba yeye haoni kitu cha kuficha.

Teodora alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila hasira, "Mama, wewe huoni kwa sababu uso wangu unautazama mara moja tu. Mume wangu akija nyumbani ataliona kovu. Sitaweza kumficha, wala sitaki. Mimi nataka aje kwanza."

Nje lori lilikuwa likipashwa moto, na utingo akiita watu wa Njombe wapande.

Dorika alisimama akimtazama, kama alivyozoea kuchuchumaa bustanini. Kisha akakisogeza kiti karibu na dirisha. Akamgeuza Teodora kidogo, shavu la kulia lielekee mwanga, la kushoto likae upande wa kivuli. Akamwomba ainue kidevu. Akatundika kaniki nyuma yake, nyeusi, kivuli cha shavu kikayeyuka ndani yake. Hakumwambia acheke. Alimwambia amfikirie huyo mtu wake akiteremka kwenye lori pale nje, na hapo akabonyeza.

Picha ilikuwa ya mwanamke anayetazama mahali fulani kwa subira. Kovu halikuondolewa. Mwenye kulijua angeliona gizani. Asiyejua asingelitafuta. Teodora aliishika kwa ncha za vidole jioni ile, akaibusu haraka, akajifunga kitambaa chake na kutoka.

Walipokuwa wakifunga, Kefa aliuliza alichokuwa nacho moyoni tangu asubuhi. "Hicho kivuli chako na penseli yangu, tofauti ni nini?"

Dorika alifikiri. Alikuwa na majibu mawili au matatu tayari, kuhusu kivuli na kuhusu kweli, lakini kila moja aliliona lina tundu.

"Sijui," alisema. "Ua halikuniomba kitu. Huyu aliniomba."

Hawakumwona tena Teodora. Kwa miezi kadhaa Dorika aliwauliza madereva wa upande wa Njombe kama kuna mtu wa Kifanya aliyerudi kutoka Kitwe. Wapo waliosema wengi wanarudi, na wapo waliosema wachache. Mmoja alidhani amemwona Alois, lakini alipoulizwa umbo lake akaeleza mtu mfupi mwenye ndevu, na Dorika akakumbuka kwamba hata yeye hakuwahi kuuliza yukoje. Baadaye akaacha kuuliza. Wateja waliongezeka, na kila aliyeketi kitini Dorika alimpima upya: huyu mwanga wa upande gani, huyu anaomba nini.