Lakiri ya Boneti

Fundi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya usukani, miguu nje juani. Mkono wa gia, ule unaotokea ubavuni mwa usukani, alikuwa ameulaza kifuani. Dereva aliung'oa asubuhi ile akitafuta namba mbili, akabaki ameushika kama mtu aliyepewa kijiko bila chakula. Pini iliyoushikilia ilikuwa imekatika, na tundu lake, kwa miaka ishirini na sita ya kusuguliwa, lilikuwa limetanuka likawa yai.

Gari lilikuwa la zahanati. Mgonjwa akizidiwa, ndilo lililompeleka hospitali kubwa, ng'ambo ya kilima. Likijisikia.

Viatu vyeusi vikasimama karibu na miguu yake. Vilikuwa vya Msimamizi wa zahanati. Hapakuwa na mwingine pale mwenye viatu visivyo na vumbi.

"Fundi, Ijumaa saa nne lazima litembee."

"Litatembea, mheshimiwa. Ila tunajisumbua nini? Si tumeambiwa jipya linakuja mwezi huu?"

"Limeshafika."

Fundi akainua kichwa, akakigonga kwenye usukani. Akachungulia uani. Hapakuwa na kitu ila kamba ya shuka za wagonjwa.

"Liko wapi?"

"Umelilalia."

Msimamizi aliyasema hayo kwa utulivu. Wapaka rangi wangekuja kesho yake, na viti vingevikwa nailoni. "Wewe ni kibarua hapa mwaka wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Basi mdomo uliponza kichwa, fundi. Unalijua hilo."

Angeweza kukataa. Lakini nyumbani kwake alikuwepo binti yake, kifungua mimba wake, mwenye mimba ya miezi minane, na muuguzi alikwisha kusema kwamba kwa nyonga zile huyo atajifungulia hospitali tu. Fundi akajisemea kwamba liitwe jipya au la zamani, litakalompeleka mwanawe ni hilihili. Basi angalau lishike.

Akachukua bolti, akaipiga tupa mpaka ikakaa kwenye tundu kama pini. Kisha akafungua boneti. Chini ya bomba la usukani vilikuwepo vyuma viwili vinavyosukuma gia, na bushi zake, vile vipete vya mpira vinavyovizuia visichezecheze, zilikwisha zamani, ndiyo maana vilikuwa vikipishana na kugotana kati ya namba moja na mbili. Spea hazikuwepo. Alivua kandambili yake, akakata bushi mbili, akazipaka grisi. Alipojaribu, namba mbili iliingia laini, bila kelele. Akafurahi, halafu akajichukia kwa kufurahi.

Ijumaa mgeni rasmi alikata utepe, akaingiza kichwa ndani, akasifu harufu ya upya. Gari likawashwa. Bibi mmoja wa mstari wa nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Mbona linakohoa kikohozi kilekile?" Mwenzake akamfinya. Msimamizi akatia kufuli dogo kwenye boneti, akalidondoshea lakiri nyekundu, nta ya kutilia muhuri, akaeleza kuwa gari jipya lina dhamana ya miaka miwili na hakuna ruhusa ya kulifungua ila kwa wakala aliyeliuza. Watu wakapiga makofi. Fundi naye alipiga.

Bushi za kandambili hudai grisi kila wiki. Wiki ya kwanza aliomba ufunguo, akaambiwa gari jipya haliombewi grisi. Ya pili hakuomba.

Wiki ya nne, adhuhuri, binti yake alianza kutokwa na damu. Muuguzi na fundi walimlaza kwenye kiti cha nyuma. Nailoni ilikuwa bado haijatolewa, damu ikawa inatuama kwenye mikunjo yake. Gari liliondoka, likafika getini, vyuma vikasaga, likasimama. Dereva alisukuma mkono wa gia juu, akauvuta chini. Haukwenda kokote.

"Nusu dakika," fundi alimwambia Msimamizi, aliyekuwa ametoka ofisini akijifuta jasho. "Bisibisi na nusu dakika tu. Nipe ufunguo, mheshimiwa."

"Na lakiri?"

"Mwanangu anavuja damu."

"Namwona. Nauliza lakiri. Ikivunjwa, lazima awepo aliyeivunja."

Akarudi ofisini, hakukimbia. Alitoka na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Fundi aliisoma haraka: yeye, fundi kibarua, bila ruhusa, amefungua na kuharibu gari jipya la zahanati.

"Baba," sauti ikatoka ndani, "mbona tumesimama?"

"Tunakwenda, mwanangu. Tunakwenda sasa hivi."

Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Futa mkono kwanza," Msimamizi alisema. "Hiyo ni karatasi ya ofisi."

Alijifuta kwenye shati, upande mmoja, halafu upande wa pili. Grisi haitoki kwa kitambaa, na kila mtu pale alijua. Alitia sahihi, kidole gumba kikaacha doa jeusi juu ya neno jipya. Msimamizi akaipuliza karatasi ikauke, akaikunja, ndipo akatoa ufunguo.

Kandambili ilikuwa imesagika unga. Fundi alitia bisibisi katikati ya vyuma, akasukuma, vikarudi sambamba. Haikufika hata nusu dakika.

"Ukiipata namba mbili usiiachie," alimwambia dereva.

Dereva akaushika mkono wa gia. Kilima kile hakipandiki kwa namba mbili, na wote wawili walijua.

Kabla gari halijaondoka, Msimamizi aliifunga boneti, akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akasimama kati ya fundi na mlango wa gari.

Namba moja ikaingia, ikaja ya pili. Mlio ukaenda nao barabarani mpaka chini ya kilima, hapo ukashuka, kama unavyoshuka dereva anapoirudia namba moja. Fundi alisimama getini na bisibisi yake, akingoja mlio ule upande juu tena. Nyuma yake Msimamizi alimwambia mlinzi alete kiti, fundi akae, maana askari watachelewa kidogo.