Miche Elfu Moja na Tisa

Miche ya maua ilikuwa elfu moja na tisa, na Kaberia, msimamizi wa shamba pale Timau, aliitaka kwa safu zilizo sawa, pasibaki hata mmoja.

“Hutoki humu mpaka zitoshane,” alimwambia kibarua wake Ciakuthii ndani ya nyumba ya plastiki ya kuoteshea miche, akatoka na kutia komeo kwa nje.

Nje watu walivaa makoti kwa baridi. Ndani ya ile nyumba ya plastiki jasho lilimtiririka hadi visiginoni. Alipanga safu saba, ukabaki mche mmoja. Akapanga nane, ukabaki mmoja. Tisa, mmoja. Kumi na mbili, mmoja, umesimama kama mgeni asiyejua kuaga. Safu kumi na moja zikabakisha minane, akatamani kuikanyaga.

Alasiri Kaberia akafungua.

“Hii ni namba tasa, msimamizi,” Ciakuthii alisema. “Haigawanyiki. Itakubali safu moja tu, nayo haienei humu.”

“Tasa ni uvivu wako. Sogea nikuonyeshe.”

Kaberia akavua koti, akachuchumaa, akaanza na saba. Ciakuthii akatoka taratibu, akarudisha mlango.

“Sasa huu mmoja umetoka wapi?” sauti ikauliza ndani.

Ciakuthii akatia komeo.