Njia ya Tumbili wa Buswelu

Mwaka 1996 tumbili wa kilima cha Buswelu walikuwa wamezingirwa. Tangu biashara ziachiwe huru, watu wenye uwezo kutoka mjini walinunua mashamba ya bondeni, wakafyeka miti na kujenga nyumba na maghala. Tumbili hawakuweza tena kuufikia msitu wa ufukweni walikozoea kula matunda. Njaa ikawashusha kwenye mahindi ya watu, na wanakijiji wakakubaliana kuwatilia sumu.

Prudencia, afisa misitu aliyehamia kutoka Bukoba, alimwomba mwenyekiti, mzee Ngosha, awazuie wanakijiji kwanza. Alikuwa na mpango: ukanda wa miti kutoka kilimani hadi ziwani, wanyama wapite bila kuingia mashambani. Wenye ardhi walikubali mmoja mmoja, isipokuwa Kashindye, mjane ambaye shamba lake lilikuwa katikati kabisa.

Prudencia alimfuata shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kamba ya kupimia?"

"Sikuja nayo."

Kashindye aliacha kupalilia. "Mwaka ule tulipohamishiwa vijijini, watu wa serikali walikuja kupima hivyo hivyo, wakasema ni kwa faida yetu. Halafu lori likabeba vyombo vyetu, nyumba ikachomwa. Mimi sihami tena, mwanangu."

Prudencia alimwomba amwonyeshe mpaka wa shamba. Walitembea pamoja hadi kwenye kijito kilichopakana na shamba. Kingo zilikuwa zimemomonyoka, na Kashindye alishaacha kuzilima.

"Na tukipitisha hapa?" Prudencia aliuliza. "Njia itapinda, lakini shamba lako halitaguswa. Na miti itakuwa yako."

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Nitayasema."

Aliyasema mkutanoni, na Ngosha akashuhudia. Sumu ikawekwa kando. Watu wakalinda mahindi kwa zamu huku miche ya mikuyu na mizambarau ikikua. Kashindye mwenyewe aliimwagilia ya kwake kila kiangazi.

Baada ya miaka kadhaa vichaka vilishikana kando ya kijito. Asubuhi moja Prudencia alipokuja kukagua, Kashindye alimshika mkono na kumnyamazisha. Tumbili jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, alikuwa akiruka tawi hadi tawi kuelekea ziwani. Wengine walimfuata. Hakuna aliyegeukia mahindi.

Prudencia aliketi kwenye nyasi.

"Mbona machozi?" Kashindye aliuliza.

"Nilidhani hawatapita kamwe."

"Hata mimi," mama yule alisema, akaketi kando yake.