Chakula cha Usiku, Saa Sita Mchana

Mimi sipendi tarehe ya uongo. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania ubaya. Nimekaa masjala miaka ishirini na sita, barua zote za ofisi zikipita mikononi mwangu, na sijawahi kuruhusu hata moja iingie kwenye faili bila muhuri wa siku na saa iliyofika. Wakubwa walikuja na kuondoka, mimi na muhuri wangu tukabaki. Nilipostaafu walinizawadia saa ya ukutani, na ilikuwa imechelewa dakika nne. Niliirekebisha palepale mbele yao, kabla hata ya kusema asante.

Saa hiyo sasa imetundikwa jikoni kwa mdogo wangu wa kiume. Watu humwita Fundi Friji, na ndiyo kazi yake. Nilihamia kwake miaka mitatu iliyopita, siku ileile mkewe alipoondoka. Wifi yangu ni muuguzi. Zahanati aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa, akapata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali, huko ambako jua linachelewa kufika: sisi tukikaa kula saa mbili usiku, wao ndiyo kwanza saa sita mchana. Alimwacha mumewe na mtoto wa kike wa miaka minne, ambaye sasa ana saba na hana meno mawili ya mbele. Tunamwita Kibogoyo, naye anaitika bila kinyongo.

Siku ya kuondoka nilimwambia neno. Ulimi hauna mfupa. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, mimi nimesimama mlangoni na masanduku yangu, nikasema, "Wauguzi wapo wengi, wifi, lakini mtoto hana mama wa akiba." Alimaliza kufunga kamba, akasema, "Nimesikia, wifi," akatoka. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwenye simu kama watu waliokutana kwenye foleni.

Sasa huyu mdogo wangu, ukiiacha familia yake, ana mapenzi mawili: kamera yake, na programu ya kompyuta anayoiita Kabati. Kamera aliinunua kuukuu, mkanda wake ameuunga kwa utepe wa kufungia mabomba ya friji. Kabati ni programu ya kutunzia picha, nayo ni ya zamani. Kila siku ina droo yake, na ukiifungua unakuta picha zimejipanga zenyewe kwa saa zilipopigwa. Wifi naye huko aliko huifungua Kabati hiyohiyo kwenye simu yake na kutia picha zake. Vijana wa duka la kompyuta wameshamwambia Fundi mara ngapi kwamba siku hizi kuna programu bora, inayotambua mpaka sura za watu. Huwajibu, "Sura za watu wangu nazijua."

Kila usiku alikuwa akipiga picha moja ya meza yetu ya chakula. Moja tu, na daima kutoka upande uleule: anaiweka kamera kwenye kiti cha mkewe, juu ya mito miwili, anabonyeza, anakimbilia kiti chake, na sisi tunatoa macho sekunde kumi nzima huku mchuzi unapoa. Nilimwambia, "Mpiga picha gani wewe usiyejua kuzunguka meza?" Akacheka tu.

Wifi naye kila siku alituma picha ya chakula chake cha mchana. Mkate ndani ya kopo la plastiki, kopo juu ya mapaja, mapaja juu ya benchi. Kesho yake mkate tena, benchi tena. Kusema kweli nilidhani anatuonyesha shida zake ili tumwonee huruma, na mimi huruma ya kuombwa siiwezi.

Mwezi huo mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minne. Ijumaa ya mwisho wa mwezi alitakiwa kupeleka karatasi kwa waajiri wake: ama aongeze miaka miwili, ama arudi nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mdogo wangu alisema, "Nikimwambia arudi, itakuwa nimemlazimisha. Aamue mwenyewe." Lakini nilimwona akiupaka rangi mlango wa chumba chao, mlango ambao haukuwa na neno. Kibogoyo alitunza jino lake lililong'oka ndani ya kiberiti, amwonyeshe mama. Na mimi? Nilijifanya sina shauri. Uongo mtupu. Wifi nilimkumbuka hasa wakati wa kuosha vyombo, kwa sababu alikuwa akiimba vibaya sana na mimi nilishazoea kumkaripia kila nilipokuja kuwatembelea. Jikoni mlikuwa kimya mno.

Basi Jumapili moja mchana Fundi aliitwa kwenye bucha, friji limegoma na nyama imo ndani. Nikakaa kwenye kompyuta yake kutafuta picha nzuri ya Kibogoyo ya kutia kwenye fremu. Hapo ndipo nilipoona madudu.

Picha ya chakula cha usiku, taa inawaka, dirishani giza tii: saa sita mchana. Picha ya Kibogoyo na sare yake, anaelekea shule asubuhi: saa tano usiku, tena ya jana yake! Mtoto alitimiza miaka saba siku moja kabla ya kuitimiza. Nilifungua droo moja, nikafungua nyingine, yaleyale. Picha elfu mbili mia tatu na kumi na saba za kamera ile, zote zimerudi nyuma saa nane. Jamani! Ndani ya nyumba ninayolala mimi!

Kabati ina mahali pa kusogeza saa za picha nyingi kwa mpigo. Nilizichagua zote za kamera, nikaandika mbele saa nane, nikabonyeza. Zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, asubuhi ikawa asubuhi na usiku ukawa usiku. Kisha nikaichukua kamera yenyewe nikairekebisha saa yake. Nilisikia raha ya ajabu, nikaketi kusubiri kusifiwa.

Sifa hazikuja. Fundi alirudi amechoka, akapiga picha yake ya mezani, akaitia Kabati bila kuangalia saa, akasinzia kitini. Jumatatu wifi hakutuma picha ya mkate. Jumanne pia hakutuma. Fundi alilaumu mtandao. Jumatano ilikuwa siku ya wifi kupiga simu, tukakaa mezani tukiitazama simu, isilie. Ukaingia ujumbe wa maneno matatu: "Nimeona Kabati. Nimeelewa."

"Ameona nini?" Fundi aliuliza. Alikwenda kwenye kompyuta, nikamsikia akifungua droo, akafungua nyingine. Alirudi jikoni taratibu. Ingekuwa afadhali apige kelele.

"Dada, umegusa Kabati?"

"Nimeirekebisha," nikasema, na hata wakati huo bado nilikuwa najivuna kidogo. "Saa zako zilikuwa ovyo."

Alinishika mkono akanipeleka mbele ya kioo cha kompyuta. "Siku aliyoondoka, nilipotoka kumsindikiza, niliseti saa ya kamera ifuate saa ya kwao. Nilitaka picha ya meza yetu ikiingia humu ikae ubavuni mwa mkate wake, dakika ileile. Yeye akiwa kwenye mapumziko anafungua droo, anauona mkate wake na sahani zetu pamoja. Kamera naiweka kwenye kiti chake, urefu wa macho yake. Miaka mitatu, dada, tulikuwa tunakula pamoja."

Akafungua droo ya Jumapili. Saa sita mchana: mkate, kopo, benchi. Chini yake hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka saa mbili usiku ndipo tukatokea sisi. Akafungua ya mwezi uliopita, ya mwaka juzi. Kila droo wifi yangu alikuwa anakula peke yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Makarani wote waliopita chini yangu niliwafundisha kwamba kuuliza si ujinga, na mimi mwenyewe sikuuliza. Nilikaa nikazirudisha picha zote nyuma saa nane, machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Zilipomaliza kujipanga Fundi akasema, "Picha umezirudisha. Yeye nani atamrudisha? Keshokutwa ni Ijumaa."

Akapiga simu, haikupokelewa. Mapumziko ya wifi ni nusu saa tu, na yalikuwa yamekwisha. Alhamisi nzima alimwandikia, asijibiwe. Ilipofika saa mbili usiku nikamwambia, "Lete hiyo simu. Aliyemwaga ndiye anayefuta."

Ililia mara sita.

"Haloo," sauti ya wifi ikasema.

"Wifi, ni mimi."

"Mtoto mzima?" akauliza.

"Mtoto mzima, mume mzima, mgonjwa ni mimi. Wifi, Kabati niliivuruga mimi. Niliona saa za kamera haziendi na za hapa, nikasema ni makosa. Mume wako hakujua. Hakuna aliyeacha kukusubiri, ni kiherehere changu tu."

Nilisikia upepo wa huko kwao, na mtu anakohoa kwa mbali. Wifi alipoanza kusema, alisema polepole. "Jumatatu nilifungua, nikakuta mkate wangu peke yake. Nikarudi nyuma siku zote, mkate tu. Nikasema basi, wamechoka kula na mimi, wamerudi kwenye saa zao. Na sikuwalaumu. Wewe si uliniambia mlangoni?"

"Nilikosea," nikasema. Neno hilo halijanitoka mara nyingi maishani. "Nilikuwa naogopa, wifi. Sikuwahi kulea mtoto hata siku moja, na wewe unaniachia wako. Tena nilikuwa sitaki uende. Badala ya kusema hivyo, nikasema vile."

Akavuta kamasi. "Umechelewa, wifi yangu. Nimeshasaini. Miaka miwili. Karatasi iko kwenye mkoba, kesho asubuhi naipeleka."

Fundi alikuwa amesimama karibu na sinki, sponji mkononi, maji yanachuruzika sakafuni. Miaka miwili. Kibogoyo angekuwa na tisa, na meno yote.

"Ina muhuri?" nikauliza.

"Nini?"

"Hiyo karatasi. Imepigwa muhuri?"

"Bado. Watapiga wao kesho wakiipokea."

"Basi haijaingia popote. Ichane."

"Wewe?" Nilisikia kicheko kinakaribia na kilio kiko nyuma yake. "Wewe wa masjala? Unaniambia nichane karatasi yenye saini?"

"Ichane, wifi. Rudi nyumbani, uje uimbe vibaya jikoni."

Kengele ililia huko kwao. Akasema mapumziko yanakaribia kwisha, wazee wanangoja dawa zao, na simu ikakatika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Fundi alichukua kamera, akairudishia saa yake ya nyuma, akaiweka juu ya mito miwili. Tukatoa macho sekunde kumi. Halafu sote watatu tukaenda kukaa mbele ya Kabati, Kibogoyo mapajani kwangu na kiberiti chake mkononi, droo ya Alhamisi iko wazi. Sahani zetu ziliingia. Ubavuni mwake palikuwa patupu. Tulikaa tu pale. Mdogo wangu alikuwa akipumua kama mtu aliyebeba friji ghorofa tatu.

Picha ikaingia. Benchi, mapaja, kopo la plastiki. Ndani ya kopo hamkuwa na mkate. Mlikuwa na vipande vya karatasi vilivyochanwachanwa, na kwenye kimoja nusu ya saini.

Fundi alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kumtikisika. Nilijua kwamba bado kuna miezi minne ya mkataba, na siku mia na ishirini za kuona chakula cha mtu bila kumwona mtu. Hata hivyo nilimkumbatia.

Kibogoyo, ambaye mwaka huo ndiyo alikuwa amejifunza kusoma saa, aliisogelea picha, akageuka kuitazama saa yangu ya ukutani kupitia mlango wa jikoni, akarudi tena kwenye picha.

"Shangazi, hapa wameandika saa sita na dakika ishirini na tisa mchana. Na sasa ni usiku. Si wamekosea?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Hiyo ndiyo saa sahihi."