Jagi la Kosgei

"Ulimpa mume wangu vidonge gani, Mama Kimberly?"

"Vya goti. Analia goti usiku kucha ng'ambo ya ukuta wangu, nimwangalie tu?"

"Vya maumivu! Daktari alikataza hizo, zinamaliza figo!"

"Figo gani, Jepkosgei? Si zilikufa? Si ndiyo maana anaenda kwa mashine?"

Walikuwa katikati ya ua wa plot yetu ya kupanga mtaani Kaptembwa, na sisi wapangaji wengine tulikuwa tumeacha nguo kwenye mabeseni. Nani afue wakati kama huo?

"Zimechoka, hazijakufa," Jepkosgei akasema. "Mashine inasafisha damu, lakini hizo zake bado zinatoa mkojo kidogo. Hiyo kidogo ndiyo inafanya akunywe chai kama binadamu. Ikiisha, hata maji nitampimia na kijiko. Na tangu ameze vidonge zako jana, jagi ni kavu!"

Jagi tulilijua. Hospitali ilitaka mkojo wa mumewe, Kosgei, upimwe kiasi kila siku, na kwa kuwa choo ni kimoja, plot nzima ilikuwa ikimwamkia, "Mzee, leo imefika wapi?" Yeye, dereva aliyeendesha lori la viazi kutoka Molo miaka yote bila kutetemekea polisi, sasa alitujibu huku akiangalia viatu.

Wakati huo alikuwa amejifungia chooni na jagi lake. Sisi nje, masikio wima.

"Mzee, imetoka?" mpangaji mwenzetu Odero akaita.

"Itatokaje mkisimama hapo? Mimi ni redio?"

Hakuna aliyesonga. Mama Kimberly alikuwa akiuma kucha.

"Nilitaka tu alale," akanong'ona.

Ndipo lori la kampeni likapita barabarani, vipaza sauti vikinguruma, fulana zikirushwa. Tukamiminika nje wote, hata Odero aliyeapa hapigi kura mwaka huu. Walibaki wale wanawake wawili tu mbele ya choo, wamenuniana.

Tuliporudi, Kosgei alikuwa amesimama kwenye jua, jagi juu kama kombe la ligi. Mkojo ulikuwa kidogo, lakini ulionekana hata kutoka getini.

"Wanasiasa wamefanyia plot hii kazi ya kwanza!" Odero akapiga makofi.

Mama Kimberly alikuwa akilia, akipangusa pua na leso.

"Ukimpa tena dawa yoyote bila kuniuliza," Jepkosgei akamwambia, "nitakumezesha pakiti nzima."

"Nimesikia, mama."

"Basi wacha kulilia mlango wa choo. Ingia tukule, ugali inapoa."