Shimo Mgongoni mwa Besi

Mwaka 1995 Ndizeye alivuka mpaka kutoka Burundi hadi kijiji cha Kagunga akiwa amelizungushia godoro gitaa la besi. Lilikuwa gitaa la miaka ya sitini, la marehemu kaka yake, na sasa alilipigia kwaya ya mtaa wa Rusimbi.

Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika, besi linakuwa bubu katikati ya wimbo. Feliksi, fundi redio, akashauri achimbe mgongo wa gitaa, atie humo kikuza sauti cha betri. Ndizeye alikataa wiki mbili nzima. Honorata, mwalimu wa kwaya, akambembeleza mpaka akakubali, akampa Feliksi gitaa.

Alhamisi alirudishiwa gitaa lake. Kuvuma lilivuma kweli, ila nyuzi zililegea kila baada ya wimbo mmoja, na mgongoni palinuka rangi mbichi. Feliksi naye, aliyezoea kuongea kama redio zake, siku hiyo hakumtazama usoni.

"Kaniibia sumaku," Ndizeye aliwaza. Sumaku zile za kunasia sauti hazikutengenezwa tena, na wanamuziki walizitafuta. Kesho yake alimwona Feliksi akinong'ona na mgeni mwenye kasha la gitaa. Basi, moyo ukakata shauri: mnunuzi ndiye huyo. Lakini yeye mkimbizi, angemshtaki wapi mwenyeji?

Jumamosi asubuhi aliingia kibandani kwa Feliksi na gitaa mkononi.

"Fungua."

"Lina nini tena, kaka?"

"Fungua nione sumaku zangu."

Feliksi alichukua bisibisi, akafungua upande wa mbele. Sumaku zilikuwepo, zote mbili, na herufi alizochonga marehemu kwa msumari. Ndizeye aliona haya. Alitaka kuomba radhi, ila Feliksi alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Na mgongoni?" Ndizeye aliuliza taratibu.

Kifuniko kilipotoka, aliona shimo lililopitiliza hadi shingo ilipounganika na kiwiliwili. Ufa ulikuwa umefuata mbao, umejazwa gundi.

"Patasi iliteleza," Feliksi alisema. "Nikaziba, nikapaka rangi. Jana nilimuuliza yule mgeni, naye ni fundi wa magitaa. Kasema nyuzi zilegezwe upesi, la sivyo zitaing'oa shingo."

"Tangu jana unajua, na mimi nimekaza nyuzi usiku kucha?"

"Niliogopa, kaka."

"Oya, hapana, Feliksi! Mti wa gitaa hili ungepasuka, tungepata wapi mwingine?"

Alizilegeza nyuzi mwenyewe, mmoja mmoja, akisikiliza kama mbao italia. Kisha alilipeleka kwa seremala wa kijiji cha Simbo. Kikuza sauti kilitolewa, shimo likazibwa kwa mninga. Gitaa lilipona, lakini noti za juu zilikufa, hazikurudi.

Feliksi alikuja nyumbani kuomba radhi, akapewa kiti na chai. Ila tangu hapo, waya wa gitaa ukikatika, Ndizeye alikaa kibandani mpaka kazi iishe, macho yake hayabanduki kwenye mikono ya fundi.